Giza la mwezi na ndoo ya dagaa

Sisi tuliokulia Ujiji tulijifunza hesabu ya mwezi mara mbili: chuoni kwa maalim, na mwaloni kwa baba zetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata mwanga. Katika usiku wa giza, mwishoni na mwanzoni mwa mwezi mwandamo, taa za wavuvi huwavuta juu, ndipo nyavu huwapata. Mwezi ukipevuka, nuru hutapakaa ziwa zima na taa hukosa kazi. Hivyo Siku Nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, huwakuta wavuvi nyumbani wakishona nyavu, na wenye kupenda Sunna huzifunga. Wazee walituusia pia kuuchunga upepo wa kusini mashariki, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba. Mawimbi yake hayana huruma kwa mtumbwi mdogo.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Kamati yetu iliafiki, nasi tukaandika tangazo lililosomwa baada ya sala ya Ijumaa.

Siku chache kabla ya Idd el-Hajj, baba mmoja mwenye watoto watatu katika madrasa yetu alituletea ndoo ya dagaa wabichi, sadaka kwa mayatima. Hatukuhitaji kuuliza walikotoka. Tukamrudishia, tukimkumbusha kuwa sadaka hutakiwa kutoka katika chumo safi.

Akajibu kwa upole, "Ustadhi, tangazo lenu nililisikia. Ila halikusema watoto watakula nini."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulifungua daftari la mapato. Palikuwa na fedha za mazulia mapya. Kwa kuwa zilichangwa kwa nia maalumu, Ijumaa iliyofuata tuliwaomba wachangiaji idhini ya kuzinunulia unga na maharage. Wengi waliridhia. Mmoja alichukua fedha zake, nayo ilikuwa haki yake. Mfuko wa kwanza tuliupeleka sisi wenyewe kwa baba yule.

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukikaribia kupevuka. Wenye subira walingoja giza la mwisho wa Safar. Sisi bado tunasalia mazulia ya zamani. Na tangu hapo, kila mwezi wa neema, kamati hutenga fungu dogo la unga kabla ya kuandika tangazo lolote.