Mama Alisema "Naweza"

Siku afisa wa Kaunti ya Hennepin alipokuja nyumbani kwetu Brooklyn Park, Mama alitaka leso mpya, wanja, na mahamri ya mgeni. Afisa aliuliza, mkalimani akatafsiri kwa simu, na Mama akajibu neno moja tu. Kuoga? "Naweza." Kuvaa? "Naweza." Leso ile nilikuwa nimemfunga mimi.

Mimi ni nesi. Tangu kiharusi kimpige Mama upande wa kulia, nilikuwa namwogesha alfajiri, naenda zamu, na usiku naamka mara mbili kumpeleka chooni. Nilichoka hadi nikaogopa kukosea dawa za watu. Mwenzangu kazini akaniambia kwamba Minnesota humlipa mtoto mtu mzima anayemtunza mzazi mwenye Medical Assistance. Mpango huo uliitwa PCA. Oktoba 2024 ulianza kubadilishwa kuwa CFSS, ambao unamruhusu hata mume, mke, au mzazi wa mtoto mdogo alipwe.

Msidhani nalipwa kama nesi. Hii ni kazi ya msaidizi, na leseni yangu haikuniongezea senti. Nilichunguzwa rekodi, nikasoma mafunzo na kufanya mtihani kama yeyote yule.

Saa za malipo hutokana na tathmini ile. Huangaliwa mambo 8: kuvaa, kujisafi, kuoga, kula, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, kugeuzwa mwili, na kwenda chooni. Kila "naweza" ya Mama ilikuwa inapunguza saa. Nilinyamaza mpaka swali la choo.

"Hawezi," nikasema. "Pengine hatuwahi."

Mama aligeukia dirisha. Hakunisemesha mpaka magharibi.

Usiku kaka yangu akapiga simu kutoka Mombasa. "Yaani unalipwa kumwogesha mama aliyekuzaa?" Nilikosa la kusema. Simu ilikuwa kwenye spika, na Mama akajibu kutoka kitandani: "Njoo wewe uniogeshe bure. Tikiti nitakulipia."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, si pesa iliyoniuma. Ungenieleza mapema, ningeyasema mwenyewe kwa kinywa changu."

Alikuwa na haki. Kazini simfunui mgonjwa bila kumwambia kwanza ninachotaka kufanya. Mama yangu nilimfunua mbele ya mgeni.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayengoja afisa, kaa na mzazi wako siku kadhaa kabla. Mweleze kwamba mgeni huyu hakuja kumjulia hali, na "sijambo" yetu ya adabu ataiandika kama ilivyo. Andikeni pamoja anachoweza na asichoweza, hasa siku zake mbaya. Mwombeeni mkalimani, hulipii. Muulize yapi atayasema mwenyewe, na yapi umsemee.

Sasa nimepunguza zamu mbili kwa wiki. Kila nikianza kazi nabonyeza simu kuonyesha saa niliyoingia, na nikimaliza nabonyeza tena. Mwanzoni nilijificha jikoni nibonyeze Mama asinione. Siku hizi akikaa kwenye kiti cha kuogea, kabla sijafungua maji, yeye ndiye huniuliza: "Ushabonyeza?"