Picha Nne za Beit al Ajaib



Wiki iliyopita binti yangu wa miaka 12 alifungua kasha langu akitafuta picha ya kupeleka skuli. Akazipanga nne juu ya meza yangu ya kukatia, zote za Beit al Ajaib, pale Forodhani. Nikaliweka pembeni gauni la bibi harusi nililokuwa nikilitia shanga, nikakaa naye.

Ya kwanza ni ya Sikukuu ya Idd, 1995. Nina miaka saba. Baba kanipandisha juu ya mzinga mmojawapo wa pale mbele, nimevaa gauni la satini alilonishonea mama. Baba, Allah amrehemu, hakuwa akipita pale bila ya kutuhadithia: Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na watu wakaliita la ajabu kwa kuwa lilipata umeme na lifti wakati majumba mengine ya Unguja hayajavijua. Mwaka 1896 manuwari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Jumba jirani likabomoka, hili likasalimika, na baadaye likaongezwa mnara wa saa kwa mbele.

Ya pili ni ya 2006, niko kidato cha tatu. Wakati huo ni makumbusho, nasi tumesimama mbele ya mtepe. Mwalimu alituambia kuwa chombo kile kimeshonwa mbao kwa mbao kwa kamba za usumba, bila ya msumari hata mmoja. Wenzangu walicheka. Mimi nilibaki nikiangalia tundu za mshono. Nilipomaliza skuli nikaenda kusomea cherehani.

Ya tatu ni nusu picha. Harusi yangu, 2011, kabla ya Magharibi. Nina hina mpaka kwenye viwiko, kikuba kifuani, nacheka. Ubavuni kwangu karatasi imekatwa.

Nilikata mwenyewe mwaka 2016, nilipopewa talaka. Nilitumia mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao fundi haruhusu uguse karatasi. Nilikuwa na hasira, nikataka bwana yule asionekane tena ndani ya nyumba yangu.

Ya nne ni ya 2019, binti yangu ana miaka sita. Nyuma yake jumba bado limesimama, ila milango imefungwa, kwa sababu lilikuwa limeshachoka. Mnara ameuziba yeye kwa mkono ulioinuliwa.

Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Siku ile nililia kwa ajili yao, na kwa ajili ya baba.

Sasa binti yangu kaishika ile nusu picha akaniuliza, "Mama, mnara uko wapi?"

Nikaangalia. Bwana harusi alikuwa amesimama upande wa mnara. Nilipomkata yeye, niliukata na mnara. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na baba?"

Sikuwa na jibu, dada zangu. Mtoto hana picha hata moja ya wazazi wake wakiwa pamoja, na mkasi ni wangu.

Usiku ule nilimpigia simu wifi yangu wa zamani. Hatujazungumza miaka. Nilimsalimu, nikamuomba kama anayo picha ile. Akasema, "Ninayo, mama watoto. Nilikuwekea."

Picha imefika. Mnara umesimama, baba yake amesimama, nami nacheka kweli. Nimemtilia fremu binti yangu, iko chumbani kwake.

Mabibi harusi wanaokuja kwangu nawaambia: fundi mzuri huacha akiba ndani ya mshono, maana hujui mwili wa kesho. Picha zako zihifadhi, zikae nyumbani, si kwa kila jicho. Na Allah akikadiria mkaachana, dini yetu inatutaka tusisahau wema uliokuwapo baina yetu. Usishike mkasi siku ya hasira. Toa udhu, sali rakaa mbili, kasha lifunge.

 Beit al Ajaib itakapofunguliwa tena, inshallah, tutakwenda kupiga picha ya tano, mimi na binti yangu. Baba yake akitaka kuja kusimama na mwanawe, nitawapiga mimi.