Shubiri ya Kisukari

Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Kuhusu kisukari, umma umeigeuza hekima hiyo: dawa ya utamu ni uchungu. Mtaani Milimani, Nakuru, mwalimu mstaafu mwenye kisukari cha aina ya pili huanza siku kwa bilauri ya maji ya mwarobaini uliochemshwa. Jirani amemletea shubiri kutoka Baringo. Binamu amemshauri ale karela. Sokoni ameuziwa unga wa mlonge. Wote wanamtakia heri, ila hakuna aliyemuuliza anameza tembe gani.

Huenda imani hii imechochewa na jina lenyewe. Neno kisukari humfanya msikilizaji adhani kuwa ugonjwa ni sukari tu, nayo shubiri itaifukuza. Kumbe sukari damuni ni ishara. Kiini ni insulini, homoni itolewayo na kongosho, ambayo mwili umeacha kuiitikia ipasavyo. Ulimi hauwezi kuyapima hayo. Hupimwa kwa tone la damu.

Hata hivyo, kuidharau mitishamba ni kukosa kumbukumbu. Metformini, tembe wanayopewa wagonjwa wengi, chimbuko lake ni utafiti kuhusu galega, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya. Mnamo 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metformini. Tofauti imo katika kipimo: mmea ule una sumu, ilhali tembe ina kiasi kijulikanacho.

Mwaka 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa "kikombe cha Babu" kwa shilingi 500 za huko. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alisema kinaponya hata kisukari. Baadhi ya waliokunywa waliacha dawa za hospitali. Hapo ndipo penye hatari kuu: si kunywa, bali kuacha.

Ipo hatari nyingine. Karela ikiandamana na baadhi ya tembe, sukari huweza kushuka mno, mgonjwa akatetemeka, akatokwa jasho, hata akazirai.

Kudhibiti si kuponya. Maneno haya mawili yasichanganywe. Anywaye mwarobaini na amwambie daktari wake, kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.