Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Kuhukumu ni kazi nyepesi. Kuchunguza ni kazi nzito. Kwa sababu hiyo watu wengi huifanya ile ya kwanza, wakaiacha ya pili. Mimi nilikuwa mmoja wao, na aliyenitia adabu hakuwa mzee wala mtaalamu, bali kompyuta moja kuukuu katika chuo cha ualimu ninakofundisha.

Kompyuta hiyo ilikaa katika chumba cha walimu. Ndani yake zilikuwamo ripoti za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wangu, kazi ya muhula mzima, nami sikuwa nimeweka nakala yake mahali pengine. Ripoti zilitakiwa kwa mkuu wa chuo adhuhuri ya siku ya Ijumaa. Asubuhi ya siku hiyo nilibonyeza kitufe cha kuiwasha. Taa yake ndogo iliwaka, feni ikavuma, lakini kiwambo hakikuonyesha kitu.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimempa mwanachuo mmoja ruhusa ya kupiga chapa kazi yake. Nilimwita, na mbele ya walimu wenzangu nikamwambia, "Wewe ndiwe uliyeigusa mwisho. Umeiharibu!"

Akajibu kwa upole, "Mwalimu, niliiacha nzima. Niliizima kama ulivyotufundisha."

Sikumsikiliza. Nilimwamuru atoke, akatoka ameinamisha kichwa. Wazee walisema kwamba msema pweke hakosi. Nami nilisema peke yangu, nikajiona mshindi.

Ghadhabu ilipopoa niliona kwamba ukali wangu haukuiamsha kompyuta. Fundi alikuwa mbali mjini, na saa zilikwenda. Basi nikaketi, nikaazimia kuiuliza mashine swali moja baada ya jingine, nikianza na lililo rahisi.

Swali la kwanza lilikuwa la umeme. Kama isingaliwaka kabisa, ningalijaribu soketi kwa kuchomeka taa ya mezani, kisha waya, kisha swichi iliyo nyuma ya sanduku. Lakini taa na feni zilishuhudia kwamba umeme uliingia. Swali la pili lilikuwa la kiwambo. Nilipokizima na kukiwasha, kiliandika kwa muda mfupi kwamba hakipati ishara. Kwa hiyo kiwambo kilikuwa hai. Kilichokosekana ni ujumbe wa kukifikia. Nilibadilisha waya wake, hali ikawa ile ile. Kosa, basi, lilikuwa ndani ya sanduku.

Nikaiwasha tena, safari hii nimenyamaza. Ndipo niliposikia mlio mwembamba mara tatu, kimya kidogo, kisha mara tatu tena. Kumbe ilikuwa ikilia hivyo tangu asubuhi! Ilikuwa ikisema nami nilipokuwa nikifoka.

Inafaa msomaji ajue kwamba kompyuta, kabla ya kuanza kazi, hujipima yenyewe. Hukagua viungo vyake vikuu kimoja kimoja, na ikiona upungufu kabla ya kuweza kuandika neno kwenye kiwambo, nyingi hulia. Maana ya milio si moja kwa watengenezaji wote, kwa hiyo sikukisia. Nilikitafuta kitabu cha mashine ile kabatini, nikasoma kwamba mlio huo ni wa memori.

Memori ni kumbukumbu ya muda, ambamo kompyuta huweka kazi inayoifanya sasa. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hufutika. Diski ni kitu kingine: hiyo hutunza maandishi hata mashine ikiwa imezimwa. Jambo hilo lilinipa faraja, maana diski ikiwa nzima yaweza kutolewa ikasomwa katika kompyuta nyingine, hata kama viungo vingine vyote vimekufa.

Nilichomoa waya kutoka ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha nikaufungua ubavu wa sanduku. Kabla ya kugusa chochote nilishika chuma kitupu cha sanduku, kwa kuwa mwili wa mtu hubeba umeme tuli uwezao kuunguza vipande vyororo. Kile kisanduku kinachogawa umeme sikukifungua. Humo umeme waweza kukaa hata baada ya waya kuchomolewa, na hiyo si kazi ya mwalimu mwenye bisibisi.

Vijiti vya memori vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikaa imara, kimebanwa na vishikizo vyake vyote. Cha pili kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kishikizo chake ki wazi. Nikakitazama, jasho likanitoka. Juma lililopita nilikuwa nimelifungua sanduku lile kwa mkono wangu mwenyewe ili kupangusa vumbi. Nilikuwa nimevitoa vijiti na kuvirudisha, nami nikiwa na haraka sikungoja kusikia kishikizo kikifunga. Kila siku mashine ilipopata joto na kupoa, kijiti kililegea kidogo kidogo, hata kikaachana na mahali pake.

Nilivitoa vyote viwili, nikasugua ncha zake kwa kifutio cha penseli, nikapangusa. Nilirudisha kimoja, nikajaribu. Nikarudisha cha pili, nikajaribu tena. Kiwambo kiling'aa. Ripoti zilikuwapo zote.

Kabla ya kuzipiga chapa nilimwita yule kijana. Nilimshtaki hadharani, na haikuwa haki nimtake radhi faraghani. Walimu wale wale walikuwapo niliposema, "Ndugu yangu, aliyeiharibu ni mimi. Niwie radhi." Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Yamekwisha, Mwalimu." Akaniuliza kosa lilikuwa wapi, nikamwonyesha.

Enyi vijana mnaosoma, kompyuta yenu itakapokataa kuamka, anzeni na lililo rahisi, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, wala msiache kazi yenu ikae mahali pamoja bila nakala. Lakini kabla ya hayo yote, nyamazeni msikilize. Kijiti cha memori nilikirudisha mahali pake kwa dakika chache. Uso wa kijana yule alipotoka chumbani ningali nauona hata leo.