Rowdy au Lively? Maneno ya Kiingereza ya kicheko na makelele



Safari hii tunaandika juu ya maneno ya Kiingereza ya vitu vinavyochekesha sana na vitu vyenye makelele. Tunajua mtu atauliza: eti na shida zote hizi, mnaandika juu ya kucheka? Subirini kidogo, mtaona.

Wengi wetu hapa Nakivale tulitoka Kongo na Burundi. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Kibembe. Tukafika Uganda, na huku kila mlango unafunguliwa kwa Kiingereza: shule, hospitali, ofisi. Wengi tulianza na maneno mawili tu, funny na noisy. Kwa soko yanatosha. Kwa kujieleza mbele ya mtu anayeandika ripoti, hayatoshi.

Tuanze na funny. Lina sura mbili, sawa na drôle ya Kifaransa. A funny story ni hadithi ya kuchekesha, lakini a funny smell ni harufu isiyoeleweka. Nesi akikuuliza Do you feel funny?, haulizi kama una furaha. Anauliza kama unasikia mwili hauko sawa. Usimjibu kwa kucheka, mueleze kizunguzungu chako.

Ukipanda ngazi moja kuna hilarious. Waliosoma Kifaransa wanalo tayari, ni ndugu yake hilarant. Usiseme very hilarious, sema absolutely hilarious, kwa kuwa ile "sana" imeshakaa ndani ya neno lenyewe. Kuna pia side-splitting. Hilo ni jepesi kwetu: kwa Kiswahili kichekesho kinavunja mbavu, kwa Kiingereza kinapasua ubavu. Maumivu ni yaleyale.

Hysterical mlichunge. Filamu inaweza kuwa hysterical na watu wakafurahi. Lakini asili yake ni neno la Kigiriki la tumbo la uzazi, juu zamani madaktari waliamini kwamba wanawake wanaolia na kutetemeka wanasumbuliwa na kizazi. Ukiandika kwamba mama fulani alikuwa hysterical kwenye mahojiano, msomaji anaelewa kwamba mama hakujitawala. Pengine alikuwa anamlilia mtoto wake tu.

Sasa makelele. Deafening ni kelele za kuziba masikio, kama mvua kubwa juu ya mabati, ambapo mwalimu anaacha kufundisha na wote mnangoja. Raucous ni sauti ya kukwaruza, kama ya watu wanaotoka kwenye pombe usiku. Boisterous ni makelele ya watoto wanaokimbizana kwa furaha na nguvu nyingi. Lively ni uchangamfu, neno zuri. Rowdy ni makelele yenye fujo ndani yake, ya watu wasiomsikia mtu.

Katikati kuna mawili yanayobeba kicheko na ghasia pamoja: uproarious na riotous. Uproar lilitoka kwa Waholanzi, na kwao lilikuwa na maana ya uasi. Riot ni ghasia kabisa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inahesabu watu 12 au zaidi wanaotumia au kutishia fujo pamoja. Lakini a riotous party inaweza kuwa sherehe tamu tu. Yani neno moja, siku moja linaita marafiki, siku nyingine linaita polisi.

Kwa nini tunajali hivi? Jumamosi moja tulicheza mchezo wa kuigiza kwenye ukumbi tunaoazimwa. Mkimbizi anaeleza safari yake yote, milima, mto, mvua, ndugu waliopotea, dakika tano nzima. Mkalimani anageuka kwa afisa na kusema: "He says yes." Halafu mkimbizi anasema "Ndiyo", na mkalimani anaongea mpaka anatoa jasho. Watu walianguka chini kwa kicheko. Wazee walipiga makofi, mama mmoja alifuta machozi kwa kitenge. Kila mtu mle ndani alishawahi kukaa kwenye kile kiti.

Juma lililofuata tukaambiwa saa zetu za ukumbi zimekatwa. Ofisi moja ilikuwa imepokea ripoti, na ndani yake tulikuwa na sentensi moja tu: The youth were rowdy. Hakuna kiti kilichovunjika, hakuna mtu aliyegombana. Aliyeandika alipita nje, akasikia sauti, hakuingia.

Tulikaa tukatafuta maneno, kamusi mkononi. Barua yetu ilikuwa fupi. Tulieleza mchezo ulihusu nini, tukaandika kwamba the laughter was uproarious, and the audience was lively. Tukawaomba waje kuangalia. Walikuja watu wawili. Kwenye "He says yes" mmoja wao alicheka mpaka akavua miwani. Tulirudishiwa saa mbili kati ya tatu, na tukakubaliana kumaliza kabla watoto wa majirani hawajalala, kwa maana kwa mama anayebembeleza mtoto, hata kicheko kitamu ni deafening.

Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo. Sauti ileile, aliye ndani anaiita shangwe, aliye nje anaiita fujo. Tofauti ni kwamba huku anayeshika kalamu mara nyingi ndiye yuko nje.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuandika rowdy, ingieni muulize watu wanacheka nini. Na ninyi vijana wenzetu, shikeni haya maneno matatu juma hili: lively, boisterous, uproarious. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya kitu alichokiona mwenyewe, harusi, mechi, kanisa, foleni ya maji. Jumamosi tutazisoma kwa sauti. Mje na mbavu zenu.