Harambe Iko Mwaka Gani?

Kuna mji kule Florida unaitwa Harambe. E moja, si mbili kama Harambee yetu. Uko ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na unajifanya mji wa bandari wa Afrika Mashariki. Kuta zimebambuka makusudi, matangazo yamechorwa kwa mkono kama ya kinyozi wa mtaani, maduka yana majina ya Kiswahili. Joe Rohde, aliyeongoza wabunifu wa bustani hiyo, na timu yake walikuja huku kwetu kujionea, na Lamu ni mmoja wa miji waliyochota sura yake.

Sijawahi kufika, nauli ya ndege peke yake ni ngori. Lakini video zake nimetazama hadi bando ikaisha, na swali ni moja tu: huu mji uko mwaka gani?

Wasee, si swali la kitoto. Sehemu nyingi za bustani kama hizi zina wakati wake wa kubuni. Jungle Cruise, ile safari ya mashua iliyoanza Disneyland mwaka 1955, imewekwa miaka ya 1930, enzi ya mzungu na kofia yake ya jua akitalii mito ya watu. Tarehe huambiwi moja kwa moja. Unaachiwa alama, kazi ya kuziunganisha ni yako.

Alama kubwa ya Harambe ni neno UHURU na mwaka 1961. Hapo nilisimamisha video. Sisi tulipata uhuru 12 Desemba 1963, Zanzibar siku mbili kabla yetu. Waliopata 1961 ni Tanganyika, 9 Desemba. Sasa mji wenye sura ya Lamu unasherehekea mwaka wa Dar es Salaam?

Unaweza kusema walichanganya tu. Mimi naona kuna hadithi tamu zaidi hapo. Mnakumbuka habari za Mwambao? Shuleni zilipita kama matatu isiyo na abiria. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na kuanzia 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa kila mwaka. Uhuru ulipokaribia, ikabidi watu waulizane: pwani iingie Kenya, ibaki kwa Sultani, au ijitawale? Mwaka 1961, mwaka uleule, Uingereza ilimtuma Sir James Robertson kuchunguza, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Makubaliano yakatiwa sahihi Oktoba 1963. Waliotaka pwani ijitawale walibaki na ndoto yao.

Kwa hivyo mji wa pwani wenye uhuru wake wa 1961 ni kitu ambacho historia ilikikataa. Sidhani Disney walipanga hivyo. Lakini manze, mtalii anapita hapo na bisi mkononi, kumbe anapita kwenye swali ambalo wazee wa Mombasa waligombania hadi wakakosana.

Alama nyingine ni ndogo ila ina umbea. Pale Harambe palikuwa na kiduka kinaitwa Duka la Filimu. Kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi: filimu ni ule mkanda wa kutia ndani ya kamera, ukimaliza picha zako 36, imeisha hiyo. Basi Harambe haikukusudiwa kuwa ya kale. Ni mji uliokwisha kupata uhuru, unaishi kwa utalii wa wanyama, na watalii wake wananunua filimu. Ilikuwa "leo", ila leo ya 1998.

Hapo ndipo panaponiwasha. Jungle Cruise ni ya zamani na inajua hivyo. Harambe inasema ni ya sasa, na mtu anayeiona kutoka mbali anaamini sisi ndio tuko hivyo hadi leo. Lamu yenyewe ilipata gati la kwanza la bandari mpya Mei 2021, meli kubwa zikaanza kutia nanga. Na tusijifanye malaika pia: hoteli zetu wenyewe huko pwani hupaka kuta mpya rangi ya uzee na kumwimbia mgeni "jambo", neno ambalo hakuna mtu humwambia jirani yake hivyo.

Hiyo 1961 nisingeigusa hata kidogo, hiyo wapewe maua yao. Ningeongeza bango la mwanasiasa lililochanika nusu, na kibanda kimoja cha kijani cha M-Pesa, dada ndani amechoka, anakuuliza kama una kitambulisho. Angalau tungekuwa tumefika 2007.