Barua kutoka Xi'an: Askari Milioni Tatu na Pai

Mdogo wangu Rehema,

Nimerudi hotelini jioni hii miguu ikiniwaka moto, lakini silali kabla sijakuandikia. Leo nimeona kitu ambacho wewe, mwalimu wa hesabu, ulistahili kukiona kabla yangu.

Nilikwenda Lintong, mashariki ya mji, kuliona lile jeshi la udongo aliloliacha mfalme wa kwanza wa China yote. Wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 ndio walioligundua. Shimo la kwanza peke yake lina urefu wa mita 230, nawe unasimama juu ukingoni, ukiwatazama askari waliojipanga safu kwa safu huko chini. Inakadiriwa wapo 8,000 katika mashimo yote, na wengi bado wamefukiwa. Nilihangaika kutafuta wawili wenye sura moja, nikakosa. Nikamkazia macho mmoja wa pembeni. Mkono wake wa kulia umekunja vidole kama ulioshika kitu. Mti wa silaha yake umeshaoza, limebaki tundu tupu katikati ya ngumi.

Tundu lile ndilo lililonirudisha kwenye hadithi niliyoisoma ndani ya treni. Inaitwa "Duara", ya Liu Cixin, mwandishi aliyekuwa mhandisi wa kompyuta kwenye kituo cha umeme. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu.

Kwanza nikukumbushe historia iliyo nyuma ya hadithi hiyo. Mwaka 227 KK, Jing Ke alitumwa na mwanamfalme wa Yan kumuua mfalme wa Qin, huyo huyo aliyeacha jeshi la udongo. Alificha jambia ndani ya ramani iliyoviringishwa. Ramani ikafunguliwa taratibu mbele ya mfalme, ilipofika mwisho jambia likaonekana. Mfalme akatimua mbio akizunguka nguzo, na upanga wake ulivyokuwa mrefu, hautoki alani! Jing Ke alishindwa, akauawa, na kufikia mwaka 221 KK Qin ilikuwa imezimeza falme zote.

Liu Cixin anaigeuza nukta hiyo moja tu. Katika hadithi yake Jing Ke hamchomi mfalme. Anabaki ikuluni kuwa mshauri wake. Mfalme anatafuta siri ya kutokufa, jambo ambalo hata yule wa historia alilihangaikia mpaka kaburini. Jing Ke anamwambia siri ya mbinguni imo ndani ya duara, katika pai, lakini tarakimu zake ni nyingi mno na hakuna mtu wa kuzikokotoa peke yake. Anaomba apewe askari milioni tatu.

Sasa sikiliza hapa. Anawapanga watatu watatu. Wawili wana bendera, nyeupe ni sifuri, nyeusi ni moja. Wa tatu anawatazama: zote mbili zikiwa nyeusi, naye anainua nyeusi, la sivyo, nyeupe. Basi. Kikundi kingine kinafundishwa kwamba nyeusi moja inatosha. Askari huyo hajui kuzidisha wala kugawanya, wala haambiwi anahesabu nini. Lakini ukiunganisha vikundi hivyo na vingine vyenye kanuni tofauti, kwa maelfu, bendera ya huyu ikawa ishara ya yule, uwanja mzima unaanza kukokotoa. Simu uliyonayo mkononi inafanya kazi hivyo hivyo.

Nimesoma maelezo mengi ya kompyuta, Rehema, na hakuna yaliyoniingia kama haya. Sababu ni kwamba hapa kila sifuri ina mkono unaouma. Wanasimama juani, wanachoka, na jeshi la Yan linawavamia wakiwa wamejifunga katika mpangilio wa hesabu badala ya mpangilio wa vita. Mwandishi hatuelezi jina la hata mmoja wao. Kule shimoni pia hakuna askari mwenye jina. Yaliyogongwa kwenye udongo ni majina ya mafundi, ili kazi ikiharibika ijulikane wa kuulizwa. Mimi nilisimama pale nikimtazama yule wa pembeni, na kila nilipolitazama lile tundu la ngumi nilimwona ameshika bendera.

Nakuomba kitu. Ukifika kwenye duara na kidato cha pili, watoe nje uwanjani. Wagawie karatasi nyeupe na nyeusi, uwapange watatu watatu, wajumlishe moja na moja. Kisha waache wasimame hivyo kipindi kizima, mikono juu. Akichoka mmoja akashusha karatasi yake, niandikie jumla ilitoka ngapi, na wenzake walimwambia nini.

Nisalimie Mama na watoto.

Dada yako